Shahidi Aliyetoka Nyumba ya Dhalimu: Kitabu cha Henry Kyemba katika Mizani ya Sharia

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika misikiti yetu ya Afrika Mashariki zipo kauli mbili juu ya Idi Amin Dada, aliyeitawala Uganda kuanzia tarehe 25 Januari 1971 mpaka Aprili 1979. Kauli ya kwanza inasema kwamba alikuwa ni Muislamu aliyeupa Uislamu heshima, na kwamba yote yanayosemwa juu yake ni uzushi wa Wazungu na makanisa. Kauli ya pili inachukua kila kinachosimuliwa juu yake, cha kweli na cha uongo, na kukirudia bila ya kuuliza kimetoka wapi. Wenye kauli ya kwanza hawasomi, na wenye kauli ya pili hawachuji. Zote mbili ni kinyume na njia waliyotuachia maulamaa wetu katika kupokea habari.

Kitabu ambacho kauli zote mbili hukizunguka ni kile cha Henry Kyemba, State of Blood, kilichochapwa mwaka 1977, Amin akiwa bado yuko madarakani. Mwandishi wake hakuwa mpita njia wala mwandishi wa magazeti. Alikuwa ni waziri katika baraza la Amin mwenyewe. Makusudio ya makala haya ni kukitia kitabu hicho katika mizani ya fiqhi na ya elimu ya mapokezi, ili tujue kipi kinapokelewa, kipi kinaachwa, na ni funzo gani linatuhusu sisi tunaosimama kwenye mimbari.

MTU NA KITABU CHAKE

Henry Kyemba alizaliwa Busoga mwaka 1939, akasoma Chuo Kikuu cha Makerere, kisha akaingia katika utumishi wa serikali Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962. Alikuwa katibu wa Rais Milton Obote, na alikuwa naye Singapore kwenye mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola pale jeshi lilipopindua serikali. Obote alikuja kuishi hapa kwetu Tanzania. Kyemba akachagua kurudi Kampala, na Amin akampokea na kumfanya katibu wake kama alivyokuwa kwa Obote. Baadaye akawa waziri, na kuanzia mwaka 1974 akashika Wizara ya Afya. Mwezi Mei 1977, alipokuwa Geneva kwa ajili ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani, akaamua kutorudi. Akaenda Uingereza na kuandika kitabu.

Baada ya Amin kuondoka alirejea Uganda, akashika tena kazi za serikali. Alisimama mbele ya tume iliyoongozwa na Jaji Arthur Oder kuchunguza uvunjaji wa haki za watu, akatoa ushahidi wake hadharani. Alifariki mwezi Oktoba 2023.

Jambo hili la kutoa ushahidi nyumbani lina uzito. Mtu anaweza kuandika atakacho akiwa London, mbali na wanaomjua. Lakini aliyasema tena kwao, mbele ya watu waliokuwepo, ambao wangeweza kusimama na kumkadhibisha.

JE, HABARI YA ASIYEKUWA MUISLAMU INAPOKELEWA?

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni kuwa Kyemba si Muislamu, na tena ni adui wa Amin, kwa sababu kitabuni anaeleza kwamba ndugu yake mwenyewe aliuawa na watu wa utawala ule. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ushahidi wa asiyekuwa Muislamu dhidi ya Muislamu haupokelewi mbele ya kadhi, na ushahidi wa adui dhidi ya adui yake nao unakataliwa. Basi kwa nini tushughulike na kitabu hiki?

Jibu ni kwamba wanaosema hivyo wamechanganya milango miwili ya fiqhi. Mlango wa shahada ni wa mahakamani, ambako hukumu itakatwa na mtu ataadhibiwa, na ndiyo maana masharti yake ni makali. Mlango wa habari ni mpana zaidi. Mtume (s.a.w.) alipohama kutoka Makka, yeye na Abubakar (r.a.) walimkodi Abdullahi bin Urayqit awe kiongozi wao wa njia, naye wakati huo alikuwa katika dini ya Makureshi. Mapokezi yake yamo katika Sahihi ya Bukhari. Waliziweka roho zao mikononi mwake, kwa sababu walimjua kuwa ni mwaminifu katika kazi ile na mjuzi wa njia. Maulamaa wamechukua kutoka hapo kwamba neno la asiyekuwa Muislamu linategemewa katika mambo anayoyajua, pale ukweli wake unapodhihiri.

Tena tuangalie amri ya Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 6. Hapo waumini wanaambiwa kwamba fasiki akiwajia na habari, waichunguze. Hawakuambiwa waitupe. Baina ya kutupa na kuchunguza kuna tofauti kubwa. Mwenye kutupa hana kazi tena, anarudi kulala. Mwenye kuchunguza inamlazimu aulize: huyu msemaji alikuwepo? Aliona mwenyewe au alisimuliwa? Yupo mwingine aliyesema hivyo bila ya kupatana naye? Na je, anafaidika nini kwa kusema?

Basi na tuichunguze.

ALIYOYAONA, ALIYOYASIKIA NA ALIYOYADHANI

Kasoro kubwa ya kitabu cha Kyemba, kwa jicho la mwanafunzi wa hadithi, ni kwamba mambo ya aina tatu yamewekwa katika bakuli moja: aliyoyashuhudia, aliyoyasikia kwa wengine, na aliyoyadhani. Anayasimulia yote kwa sauti moja, na msomaji asiyekuwa makini atatoka akidhani kwamba yote yana nguvu sawa. Kazi yetu ni kuyatenga.

Fungu la kwanza ni lile la Hospitali ya Mulago. Hapa Kyemba anasimama mahali ambapo watu wachache wangeweza kusimama. Waziri wa Afya ndiye mwenye hospitali, na hospitali ndiyo yenye chumba cha maiti. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Janani Luwum, na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, walifariki wakiwa mikononi mwa dola. Serikali ilitangaza kuwa walipata ajali ya gari. Kyemba anaeleza kwamba maiti zao zililetwa Mulago zikiwa na majeraha ya risasi. Wawili kati ya marehemu hao walikuwa wakikaa naye katika baraza la mawaziri. Habari hii inatoka kwa mtu aliyekuwa na njia ya kujua, inahusu kitu kinachoonekana kwa macho, na inakwenda kinyume na tangazo la serikali aliyokuwa akiitumikia yeye mwenyewe. Katika elimu ya mapokezi hizi ni alama za nguvu.

Fungu la pili ni la habari alizozisikia, lakini zikapata za kuziunga mkono. Mfano wake ni Dora Bloch. Ndege ya Shirika la Ufaransa iliyotekwa tarehe 27 Juni 1976 ilishushwa Entebbe. Miongoni mwa mateka alikuwemo bibi huyu Myahudi, mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini, mwenye uraia wa Uingereza na wa Israeli. Alikwamwa na chakula kooni akapelekwa Mulago. Makomandoo wa Israeli walipovamia Entebbe tarehe 4 Julai na kuwachukua mateka, yeye alikuwa bado yuko kitandani hospitalini. Siku hiyo hiyo mwanadiplomasia wa Uingereza alimkuta pale akiwa hai. Kisha akatoweka, na serikali ikashikilia kwamba alikuwa amekwisha rudishwa uwanja wa ndege kabla ya uvamizi.

Kyemba anasema kwamba bibi huyu alikokotwa kutoka hospitalini na watu wa usalama na kuuawa. Hakudai kuwa alikuwa na wale waliomuua. Alijua kuwa yumo katika hospitali yake, na habari za kuchukuliwa kwake zilimfikia kupitia hospitali hiyo hiyo. Kwa hiyo sehemu moja ni ya kuona na sehemu nyingine ni ya kusikia. Lakini mwaka 1979, baada ya Amin kuondoka, mabaki ya mwili wake yalipatikana karibu na shamba la miwa kwenye njia ya Jinja. Hapo sasa tuna neno la waziri, neno la mwanadiplomasia aliyemkuta hai baada ya wakati ambao serikali ilisema ameondoka, na mwili uliofukuliwa. Wanafunzi wa hadithi wanaita hizi shawahidi, yaani mapokezi mengine yanayoipa nguvu ya kwanza.

Na shahidi mkubwa kuliko wote juu ya habari za watu waliopotea hakutoka kwa maadui wa Amin. Mwaka 1974 Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea tangu alipotwaa nchi, ikaongozwa na Jaji Mohamed Saied, mtu wa kutoka Pakistani. Tume hiyo iliandika habari za watu 308 waliopotea, na ikavinyooshea kidole vyombo vya usalama vya serikali yenyewe. Anayesema kuwa yote ni maneno ya makanisa, atasema nini juu ya tume iliyoundwa na Amin na kuongozwa na jaji huyu? Saied aliandika kabla ya Kyemba kutoroka. Huyu alikuwa Kampala akisikiliza wajane, na yule alikuwa wizarani. Wala hakuna dalili kwamba walipatana juu ya maneno.

Fungu la tatu ni lile tunalopaswa kusimama tusiliendee, nalo ni madai ya kula nyama za watu na ya matambiko ya damu. Kyemba anaandika kwamba Amin mwenyewe alijisifu mbele yake kuwa amewahi kula nyama ya mtu. Atasema msemaji: basi hiyo ni ikrari, na ikrari ni hoja juu ya mwenye kuikiri. Tunasema: ikrari inayothibiti ni ile iliyosikiwa na mashahidi wanaotosha na ambayo msemaji wake hakuwa akifanya mzaha wala vitisho. Amin alijulikana kwa kusema mambo ya kuwatia watu hofu na ya kuwachekesha kwa pamoja. Na zaidi ya hapo, mwandishi anaunganisha dhana zake juu ya maiti na desturi anazowahusisha nazo Wakakwa, kabila la Amin. Hapa ametoka katika ushuhuda na kuingia katika dhana, na tena amelibebesha kabila zima, lenye Waislamu wengi na Wakristo wengi, mzigo wa mtu mmoja. Hukumu yetu katika fungu hili ni tawaqquf: hatusadikishi wala hatutangazi.

Ajabu ni kuwa fungu hili dhaifu ndilo lililosambaa zaidi duniani, kwa magazeti na kwa filamu. Filamu ya mwaka 2006 inayoitwa The Last King of Scotland wengi wameiona, na daktari kijana wa Kiskoti anayekuwa msiri wa Amin humo ni mtu wa kubuni, ametoka katika riwaya. Maulamaa wa zamani walilalamika juu ya qussasi, wasimuliaji wa misikitini, ambao watu waliwapenda kuliko wapokezi wakweli. Hali ni ile ile. Na madhara yake ni kuwa mtu akigundua kwamba hadithi ya nyama haina mashiko, huitupa na habari ya Mulago pamoja nayo, na damu ya waliouawa ikapotea mara ya pili.

YA DAMU NA YA CHUMBANI

Jambo la pili tunalomlaumu mwandishi ni kuwa hakuchunga mpaka baina ya dhulma na sitara. Kitabu kina kurasa nyingi juu ya wake za Amin, ndoa zake na mambo ya nyumbani mwake. Kyemba anaeleza kwa urefu kifo cha mmoja wa wake hao, Kay, mwaka 1974, pamoja na mambo ya faragha ya marehemu, ambayo sitayarudia hapa.

Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda: mwenye kudhulumiwa kulalamika, kutaka msaada wa kuondoa munkari, kutaka fatwa, kuwatahadharisha Waislamu na shari, mtu kuwa anadhihirisha ufasiki wake, na kumtambulisha mtu kwa sifa yake inayojulikana. Tukikipima kitabu kwa sababu hizi, habari za watu waliokamatwa, waliopotea na waliouawa zinaingia bila ya shaka katika kuondoa munkari na kutahadharisha. Hata kuzinyamazia kungekuwa ndiyo kosa. Lakini siri za mwanamke aliyekufa haziingii popote. Yeye hakuwa dhalimu, wala hakutawala. Kama kifo chake kina mashaka, ilitosha kusema kuwa mwili uliletwa Mulago ukiwa katika hali fulani, na uchunguzi ukazuiwa au ukafanywa. Yaliyobaki ni ya sitara.

Nasema hili kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa mtu akishakuwa dhalimu, basi heshima ya nyumba yake yote imekuwa halali. Sivyo. Dhulma inahalalisha kutajwa dhulma yenyewe, na kwa kadiri ya haja tu.

MIAKA SITA YA KALAMU

Sasa tuje kwenye suala ambalo kwa fiqhi ndilo zito kuliko yote. Kyemba alimtumikia Amin kuanzia 1971 mpaka 1977. Katika miaka hiyo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mahakamani, Septemba 1972, na hakuonekana tena. Mwaka huo huo Waasia walipewa siku 90 kuondoka nchini, na wengi miongoni mwao walikuwa ni Waislamu waliozaliwa Uganda. Kalamu ya serikali iliendelea kuandika, na Kyemba alikuwa miongoni mwa walioishika.

Imamu Qurtubi, akifasiri Suratul Qasas aya ya 17, ambapo Nabii Musa (a.s.) anamuahidi Mola wake kuwa hatakuwa msaidizi wa wahalifu, anataja kisa cha mtu aliyemuuliza Ata bin Abi Rabah juu ya ndugu yake. Ndugu huyo alikuwa mwandishi tu, akihesabu kinachoingia na kinachotoka, na ana watoto wa kulisha. Ata akauliza mkubwa wake ni nani. Alipoambiwa kuwa ni Khalid bin Abdullahi al-Qasri, gavana wa Iraki, akamkumbusha kauli hii ya Nabii Musa. Maana yake ni kuwa kalamu haikuhesabiwa kuwa haina hatia kwa sababu tu haimwagi damu. Na Suratu Hud, aya ya 113, inakataza hata kuegemea tu kwa waliodhulumu.

Lakini kuna upande wa pili. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam katika Qawaidul Ahkam, na Ibn Taymiyya baada yake, wamesema kwamba kushika kazi katika utawala wa batili kunaweza kujuzu, bali pengine kukawa ni bora, ikiwa aliyeishika anapunguza dhulma na akiondoka itazidi. Msingi wao mkubwa ni Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba awekwe juu ya hazina za Misri. Waziri wa Afya si mkuu wa wauaji. Wagonjwa wa Mulago walihitaji dawa, awe Rais ni Amin au mwingine.

Kwa hiyo swali si kwamba alishika wizara. Swali ni: wizara ile ilipunguza dhulma au iliifunika? Na hapa kitabu chake mwenyewe kinamshuhudia. Pale tangazo la ajali lilipotolewa na maiti za risasi zimo katika chumba cha hospitali yake, wizara ilikuwa imekwisha kuwa shuka la kufunikia. Pale bibi mgonjwa alipotolewa kitandani na serikali ikatangaza kuwa hakuwepo, hospitali ilikuwa imekwisha kuwa shahidi wa uongo. Ukishafika hapo, hoja ya Nabii Yusuf haifai tena.

Kyemba anajitetea kwa hofu ya nafsi na ya jamaa. Hofu ile ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyeisoma historia ya Uganda atakayeicheka. Lakini ikraha, yaani kulazimishwa, ina masharti yake kwa mafakihi, na mojawapo ni kuwa mtu hana njia ya kutoroka. Edward Rugumayo, Waziri wa Elimu, alijiuzulu mwaka 1973 akiwa nje ya nchi. Wanume Kibedi, Waziri wa Mambo ya Nje na shemeji yake Amin, naye aliondoka mwaka huo huo, na mwaka 1974 akamwandikia Amin barua ya wazi akimtajia maovu yake. Kyemba alingoja mpaka 1977. Waziri mwenye safari za nje alikuwa na mlango ambao mwalimu wa kijijini hakuwa nao. Suratun Nisaa, aya ya 97, inawauliza waliodai unyonge kama ardhi ya Mwenyezi Mungu haikuwa pana.

Tukisema hivyo, uadilifu unatutaka tuseme na lililo lake. Suratul Baqara, aya ya 160, inawatoa katika laana waliotubu, wakatengeneza, na wakabainisha waliyokuwa wakiyaficha. Aya imeshuka juu ya wenye elimu waliokificha Kitabu, lakini maana yake inafundisha kanuni: dhambi ya kuficha haifutwi kwa kunyamaza kimya nyumbani, hufutwa kwa kubainisha. Mambo ya baina ya Kyemba na Mola wake hatuyajui wala hatuyahukumu. Ila tunajua kuwa waziri aliyetoka anaweza kuchukua fedha zake na kukaa kimya, kama walivyofanya wengine wengi duniani. Yeye alisema, na kwa kusema akajitia mwenyewe lawamani, kwa sababu kila ukurasa unaosema "niliona" unamrudishia msomaji swali: "na ukakaa?" Neno linalomdhuru msemaji wake lina nguvu kuliko linalomnufaisha. Familia nyingi zilizoambiwa kuwa mtu wao amekimbilia nje zilijua ukweli kwa maneno ya watu kama yeye.

SISI NA "AMIN WETU"

Tumebaki sisi. Amin aliunda Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda mwaka 1972, na Uganda ikaingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974. Waislamu wa Uganda walikuwa wachache walionyimwa elimu na vyeo kwa miaka mingi, na walifurahi. Furaha hiyo inafahamika. Lakini miongoni mwa waliouawa alikuwemo Shaban Nkutu, Muislamu wa Busoga aliyekuwa waziri wakati wa Obote, mwaka 1973. Uislamu wake haukumlinda.

Dhulma ilipoanguka, mwaka 1979, Waislamu wasiokuwa na hatia katika sehemu za Ankole waliuawa kwa kisasi cha mambo ambayo hawakuyafanya. Haya ndiyo malipo ya kauli ya "Amin wetu". Waliosema "wetu" wakiwa salama mbali, hawakuwepo siku ya kulipa. Amin mwenyewe aliishi na kufia Jeddah, tarehe 16 Agosti 2003. Na huku kwetu, wazee wa Kilosa wanawakumbuka vijana wa mgambo waliokwenda vitani baada ya majeshi ya Amin kuingia Kagera mwaka 1978, Waislamu na Wakristo.

Ndugu zangu maimamu, turudi kwenye Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105. Wafasiri wanaeleza kuwa mtu wa Bani Ubayriq, katika watu wa Madina waliodhihirisha Uislamu, aliiba deraya, na jamaa zake wakataka kosa liende kwa mwingine. Katika baadhi ya mapokezi, aliyesingiziwa alikuwa ni Myahudi. Walitaraji kuwa Mtume (s.a.w.) atasimama na watu wake. Wahyi ukashuka kumtakasa asiyekuwa na kosa, na kumkataza Mtume (s.a.w.) asiwe mtetezi wa wahaini. Kwa ajili ya deraya moja, na mbele ya maadui waliokuwa wakiutafutia Uislamu aibu, Mwenyezi Mungu hakuruhusu haki ifichwe ili sifa ya Waislamu ibaki. Basi itakuwaje kwa bibi Myahudi aliyetolewa katika kitanda cha wagonjwa? Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa wanawake hata katika medani ya vita, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Anayelitetea tendo lile kwa jina la Uislamu hamtetei Amin tu, anamsingizia Mtume wake.

Na tumkumbuke tena Sheikh Izzuddin. Alikuwa khatibu wa Msikiti wa Bani Umayya, Damascus, yaani alikuwa ndani ya nyumba ya utawala. Sultani as-Salih Ismail alipowapa Wafaranga ngome za Waislamu mwaka 638 Hijria, sheikh hakungoja kufika nchi nyingine. Aliacha kumuombea dua sultani huyo pale pale mimbarini, akafungwa, kisha akahamia Misri. Huyo ndiye wa kupigiwa mfano. Kyemba ni wa kupigiwa funzo: alisema kweli, lakini baada ya kuifunika kwa muda mrefu, na kweli iliyochelewa huwakuta wengi wamekwisha zikwa.

HITIMISHO

Hukumu yetu juu ya kitabu hiki kwa mukhtasari ni hii. Habari zake za watu waliouawa na kupotea, alizoziona au zilizoungwa mkono na wengine, zinapokelewa, na haijuzu kwa imamu kuziita uzushi kwa sababu ya dini ya msemaji. Habari za matambiko na nyama za watu zinasimamishwa. Habari za faragha za wanawake zinaachwa na hazisimuliwi. Na utumishi wake ni onyo kwa kila mwenye kalamu, awe waziri, karani wa kata, au sheikh anayealikwa kufungua mkutano kwa dua: ajiulize kila mwaka kama kuwepo kwake pale kunapunguza dhulma au kunaifunika.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Anas (r.a.) iliyomo ndani ya Bukhari, kwamba tumsaidie ndugu yetu dhalimu kama tunavyomsaidia aliyedhulumiwa. Maswahaba walipouliza namna ya kumsaidia dhalimu, akawajulisha kuwa ni kumzuia na dhulma yake. Amin alikuwa na Waislamu wengi waliomsifu, na wachache sana waliomsaidia kwa maana hii.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu Waislamu waliouawa kwa dhulma, awape subira wafiwa wote, na atujaalie kuwa wasemaji wa haki wakati haki inapohitajika, kabla wakati wake haujapita. Amin.

Wallahu a'lam.

Mabwerebwere, Kilosa.